Yes ya Mwanahamisi

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko siku zangu zote za ualimu ilikuwa Jumatano, na kosa lilikuwa langu. Nakuambia mapema usije ukakaa hapo ukingoja kusikia jinsi shangazi yako alivyokuwa hodari. Juzi ulipokuja kunieleza kwamba umepata kazi ya kufundisha Kiingereza, ukanionyesha kadi za picha ulizokata kwa mkono wako na michezo uliyoipanga, niliguna tu nikaomba maji. Ukadhani nimechoka. Sikuchoka, mwanangu. Niliona kikengele kidogo juu ya kadi zako, na moyo ukanilipuka.

Nami niliwahi kuwa na kengele.

Ilikuwa miaka ya tisini, ruksa ya biashara huria imeshazoeleka. Maduka yalijaa vitu, mitumba ilimwagwa kila kona, na shule za watu binafsi zikachipuka kama uyoga. Kila mzazi alitaka mwanawe aongee Kiingereza, hata mzazi ambaye yeye mwenyewe kilimwishia kwenye gudi moning. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Upareni na cheti changu cha ualimu, nikaacha shule ya serikali Temeke nikaenda kufundisha kwenye akademi moja Kiwalani. Usisikie akademi ukafikiri ghorofa. Ilikuwa nyumba ya kuishi iliyovunjwa kuta mbili, ikapakwa rangi ya samawati na kuwekewa geti. Ndege zilipita juu yetu zikienda kutua, na kila ilipopita moja tulinyamaza wote, mimi na chaki mkononi, watoto na midomo wazi, kisha tukaendelea na sentensi pale ilipokatikia.

Mwalimu mkuu alikuwa amekaa Ulaya miaka kadhaa na hakutuacha tusahau. Sheria yake ilikuwa moja: ukivuka geti, Kiswahili umekiacha nje. Mtoto akiteleza akasema hata "jamani", anavishwa kibao cha mbao shingoni, na anashinda nacho mpaka amnase mwenzake amwachie. Niliona watoto wakiumia kidole na kumeza kilio kwa sababu hawajui maumivu yanaitwaje kwa Kiingereza. Niliona, nikapita. Mshahara ulikuwa mzuri, na mimi pia nilikipenda Kiingereza changu.

Basi nikabuni mchezo. Nilichukua kengele ya baiskeli kuukuu nikaipigilia kwenye kipande cha ubao. Wanafunzi wawili wanakuja mbele, mmoja wa kila timu. Nanyanyua picha, nauliza kwa Kiingereza: huyu ni ng'ombe? Hiki ni kijiko? Anayewahi kengele na kujibu sawasawa, timu yake inapata kizibo cha soda. Jibu ni neno moja tu, Yes au No. Ukianza kujikongoja na sentensi nzima, mwenzako ameshapiga. Ukitoa neno la Kiswahili, kizibo kinarudi kwangu.

Mwanangu, darasa liliamka. Somo lililokuwa likiwasinzisha sasa lilikuwa kama mechi ya mpira. Watoto wa darasa la jirani walichungulia dirishani. Mkuu alikuja mara moja akasimama mlangoni na mikono nyuma, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Kitabu chetu kilikuwa na ukurasa mmoja wa maswali ya kukanusha. Huyu si mbuzi? Hujala? Hukwenda sokoni? Na chini yake, namna Mwingereza anavyoyajibu. Niliutazama ukurasa ule, nikaona utanipunguzia kasi, maana hauchezeki vizuri kwa kengele. Nikauruka. Haraka haraka haina baraka, na methali hiyo niliwafundisha mimi mwenyewe, kwa Kiingereza, nikawapa na vizibo.

Bingwa wa kengele alikuwa Mwanahamisi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, Mzaramo wa hapo hapo Kiwalani, mkono wake mwepesi kuliko wa mtoto yeyote. Aliishi kwa bibi yake, Bi Tatu, msuka mikeka, na mama yake alifanya kazi kiwandani Barabara ya Pugu. Nyumba nzima ilijinyima ili huyu mmoja asome pale. Vizibo vyake alivihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo lilikaa dirishani mwa darasa watu wote walione.

Ikafika wiki ya mtihani. Niliuchapa mtihani wangu kwenye stensili, ile karatasi ya nta tuliyokuwa tukiifunga kwenye mashine ya kurudufu, nikaiacha ofisini juu ya mashine. Jumatano asubuhi stensili haipo. Tukapekua meza, kabati, hadi pipa la taka. Haipo. Na Jumanne mchana, ofisi ikiwa haina mtu, mimi nilikuwa nimemtuma Mwanahamisi humo kuchukua chaki.

Mkuu akamwita. Mimi nikasimama pembeni ya meza, maana ndimi mwalimu wa somo. Aliyoyauliza yote aliyauliza kwa Kiingereza, mimi nakusimulia kwa Kiswahili tuelewane.

"Uliingia humu jana?"

"Yes."

"Mtihani ulikuwa juu ya mashine. Hukuuchukua?"

"Yes," akajibu Mwanahamisi, haraka, kama tulivyozoea. Mkono wake hata ulicheza kidogo, kana kwamba kengele ipo mezani.

Mkuu akaegemea kiti. Akauliza tena, taratibu, neno moja moja.

"Wewe. Hukuuchukua. Mtihani?"

"Yes."

Nilipigwa na butwaa. Mwanahamisi? Mtoto wangu wa mbele, mwizi wa mtihani, na anakiri kwa uso mkavu namna hii, bila hata kuinamisha macho? Nilijiuliza nimelea nini mle darasani. Mkuu aligonga meza kwa kiganja, akasema mtoto amekiri na tena kwa kiburi. Hapo Mwanahamisi akashtuka. Akatazama uso wa mkuu, akatazama wangu, akafungua mdomo.

"Madam, mie si..."

Mkuu akanyoosha kidole ukutani, kilikotundikwa kile kibao cha shingoni. Na mimi, mwanangu, mimi niliyempenda yule mtoto, nilimwambia maneno mawili tu: "English, Mwanahamisi."

Akafunga mdomo. Sikuwa nimempa Kiingereza cha kujitetea. Nilichompa mimi ni Yes na No, na majina ya wanyama.

Mkuu akanigeukia. "Nawe Madam Foibe, huna shaka?"

"Yes," nikajibu.

Akaandika barua ya kumfukuza hapo hapo. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, na guu lilivunjika vilevile. Mwanahamisi alipokea barua kwa mikono miwili kama alivyofunzwa, akaondoka bila kulia. Alinitazama mara moja mlangoni, kama mtu aliyejibu sawasawa akanyimwa kizibo. Kopo lake alilisahau dirishani.

Kesho yake nikaingia darasani na moyo mzito. Mtihani ulibidi utungwe upya, na kwa kuwa nilikuwa na hasira na kila kitu, nikasema leo nitaufundisha hata ule ukurasa nilioukimbia. Nikaweka kengele mezani kwa mazoea tu. Nikanyanyua picha ya ng'ombe nikauliza kwa Kiingereza: huyu si mbuzi?

Kengele ikalia. "Yes!"

Nikatikisa kichwa, nikawaita wawili wengine. Huyu si mbuzi? "Yes!" Nikauliza darasa zima. Darasa zima likaitikia Yes kwa sauti moja. Nikaanza kucheka, nikawaambia hapana, jibu ni No. Neema, msichana wa dawati la mbele asiyekubali jambo mpaka alielewe, akasimama. Kibao hakukijali.

"Lakini Madam, si kweli siyo mbuzi? Umesema siyo mbuzi, na sie tunakubali. Ndiyo, siyo."

Chaki ilinidondoka. Mswahili ukimuuliza "hujala?" na kweli hajala, anakujibu ndiyo, maana anakubaliana na neno lako. Mwingereza hatazami neno lako, anatazama tendo. Hajala, basi ni No, uulize unavyotaka. Jambo dogo la ukurasa mmoja, na mimi nilikuwa nimeuruka.

Sikutaka kuamini. Nikauliza swali la mwisho kwa Kiingereza: "Nyinyi si wezi?"

"Yes, Madam!"

Watoto thelathini na saba walinikiria wizi, wote wakitabasamu. Nilikaa chini. Ndege ikapita juu, nikashukuru kwa kelele zake, maana nilikuwa nimeanza kulia na sikutaka wasikie.

Mapumziko nikaenda kwa mkuu. Nikamweleza yote, nikamwambia mtoto alikuwa anakataa, hakuwa anakiri. Alinisikiliza akichonga penseli. Akasema Kiingereza ni Kiingereza, mtoto aliulizwa mara mbili, akajibu mara mbili, nami nilikuwepo. Akasema wazazi wameshaambiwa kwamba mwizi amepatikana, na shule haiwezi kuyumbayumba. Kisha akaniuliza kama kazi bado naitaka. Nilitoka mle ofisini bila kumjibu, na nakuambia ukweli, sikumjibu kwa sababu niliitaka.

Jioni nililichukua lile kopo la vizibo nikaenda nyumbani kwao. Niliamini naenda kupeleka kopo tu. Nikapiga hodi, nikakaribishwa uani. Bi Tatu alikuwa amekaa kwenye jamvi anasuka ukili, miguu ameinyoosha. Mwanahamisi alikuwa jikoni, aliponiona aligeuka akatazama ukuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Kaa." Akanisogezea kigoda. Hakuinua macho kwenye ukili wake. "Mjukuu wangu toka jana hasemi. Si kwa kizungu, si kwa kiswahili. Mama yake kamchapa, hakulia. Mie nataka nisikie kwako, aliulizwa nini?"

Nikamweleza. Sikuficha lolote, hata ule ukurasa, hata "English, Mwanahamisi". Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, vidole vinakwenda tu.

"Na wewe," akasema, "huyo mkubwa wako hakukuuliza neno?"

"Aliniuliza, bibi. Aliniuliza, huna shaka?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamjibu Yes."

"Ndo kusema una shaka?"

"Hapana, bibi, ndo kusema sina sha..."

Bi Tatu akauweka ukili chini, na kwa mara ya kwanza akanitazama.

"Kumbe yako ilielewana," akasema.

Mwanangu, nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimefiwa, nimeugua, lakini sijawahi kupigwa kofi kama lile, na yule bibi hakuinua hata mkono. Mwalimu mzima, na cheti, nilikosea kosa lile lile, chumba kile kile, dakika ile ile. Yes yangu ilihesabiwa ya Kiswahili ikawa ushahidi. Yes ya mtoto ikahesabiwa ya Kiingereza ikawa hatia. Nyani haoni kundule. Mimi nilikuwa nimetoka darasani kulilia kosa la watoto, na langu sikuliona mpaka nilipoulizwa na mwanamke ambaye hajui Kiingereza hata neno.

Nilipiga magoti palepale uani. Akaniambia niinuke, vumbi. "Mie sikutaki magoti. Kesho tunakwenda wote, ukamwambie hayo."

Usiku ule sikuwaza kazi tena.

Ijumaa asubuhi tukaingia getini watatu. Bi Tatu alisalimia kila aliyemkuta kwa Kiswahili chake cha Kizaramo, kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumvisha kibao. Ofisini mkuu alituona akasimama. Nikamwambia nina jambo moja la sarufi. Sie Wapare tunataniwa kwamba tunapenda kesi, kwamba hata yai la kuku tutalipeleka mahakamani. Basi siku ile niliushukuru Upare wangu.

"Juzi uliniuliza, huna shaka?" nikamwambia. "Nikakujibu Yes. Ile Yes yangu uliihesabu ya lugha gani?"

Akashika ukingo wa meza.

"Ukisema ni ya Kiingereza, basi nilikuambia nina shaka, na barua uliiandika juu ya shaka ya mwalimu. Ukisema ni ya Kiswahili, basi na ya huyu mtoto ni ya Kiswahili, na alikuambia hakuchukua. Chagua moja, mkuu. Nitaikubali yoyote."

Mkuu aliketi. Uso wake ulibadilika, ukamlegea, nikaona hata yeye ameshtuka, tena ameshtuka kuliko mimi. Alikuwa mtu mwenye majivuno, hakuwa mtu mbaya. Akapangusa paji la uso. Bi Tatu akamgeukia.

"Muulize tena," akasema. "Lakini muulize kwa lugha aliyonyonyea."

Na kwa mara ya kwanza nikamsikia mkuu wetu akisema Kiswahili. Nilidhani kitakuwa kimechacha kwa miaka ya Ulaya. Kumbe kilikuwa laini, cha mtu wa pwani hasa.

"Mwanahamisi, mwanangu. Hukuuchukua?"

Mtoto alitazama kibao ukutani. Mkuu akakiona anachokitazama, akainuka, akakitoa msumarini, akakigeuza uso chini mezani.

"Ndiyo, mwalimu," akasema Mwanahamisi. "Sikuuchukua." Na hapo ndipo alipolia, kilio cha siku mbili, bibi yake amemshika bega.

Mkuu aliiomba ile barua akaichana mbele yetu, na Jumatatu akasimama mbele ya shule akasema mtoto alionewa. Wiki kadhaa baadaye fundi alikuja kuitengeneza mashine ya kurudufu iliyokuwa ikikwama. Alipofungua mfuniko wake, stensili yangu ilikuwa humo ndani, imejiviringisha, ina wino. Haikuwa imeibiwa na mtu.

Mwanahamisi alirudi, akasoma, akamaliza. Lakini sikiliza hili, maana ndilo linaloniuma mpaka leo. Mchezo wa kengele hakuucheza tena. Niliuongeza ule ukurasa, nikabadili sheria, sasa anayejibu kwa sentensi nzima ndiye anayepata kizibo, hata akichelewa. Watoto wengine walifurahi. Yeye alikaa ameikalia mikono yake. Ukimuuliza swali, hata la kama mvua inanyesha, alinyamaza kwanza, akakutazama machoni, akalipima. Kisha akajibu taratibu, kwa sentensi iliyokamilika mpaka nukta. Kiingereza chake kikawa kizuri kuliko changu. Ule wepesi wa mkono haukurudi.

Sasa, mwanangu, michezo yako icheze. Sikukatazi, mtoto hujifunza akicheka, na kengele yako nzuri. Ila ukurasa unaokupunguzia kasi usiuruke, huenda ndio mtoto atakaosimama juu yake siku ya shida. Usimfundishe mtoto kujibu haraka kabla hujamfundisha kujieleza, maana neno moja likipotoka halina ndugu wa kulishika mkono. Mtoto akikushangaza kwa jibu, ulitazame kwanza swali lako. Na ikiwa jambo linagusa jina la mtu, au riziki yake, au kesho yake, muulize kwa lugha anayoweza kuitetea nafsi yake. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mwalimu akijikwaa ulimi, anayeanguka ni mwanafunzi.

Nenda mwanangu. Mungu aibariki chaki yako, akupe darasa lenye mtoto mbishi kama Neema, na akujalie bibi wa kukuuliza swali moja kabla hujachelewa. Utakaowafundisha wakukumbuke kwa kucheka.

Hutayasahau haya?

Sema tu ndiyo. Mimi nitakuelewa.